Ukingo wa Lihanjala

Ifakara, tarehe 3 Februari 1912

Kwa mpwa wangu Wendelin, karani wa stesheni, Kilosa.

Shikamoo yako imefika na wapagazi wa chumvi, nami naiitikia, marahaba. Nyumbani wote ni wazima isipokuwa mimi. Miguu imevimba, kifua kinalia kama mlango mbovu, na mganga aliyenichanja chale ameniachia makovu tu. Kaburi la mama yako nimelipalilia. Mwezi ujao atatimiza mwaka, na bado nikiamka asubuhi namwita dada Mwanamkasi aniletee maji ya kunawa.

Ungeshuka Ifakara leo ungeuliza njia. Ulipopelekwa shule ya misheni palikuwa na nyumba arobaini na tulijuana kwa kikohozi. Sasa kuna maduka matatu ya Wahindi, mawili yameezekwa bati. Askari waliostaafu wana mtaa wao na wake zao wa nchi tano. Wabena wameshuka na ng'ombe, Wangindo waliokimbia njaa wamelima hadi ukingo wa msitu, na watu wa pwani wanaingia kila kiangazi. Sokoni utasikia lugha saba na matusi ya zote. Mchele wetu unapanda huko kwenu kuwalisha watu wa reli. Na kila anayekuja anataka kiwanja pale Kivukoni, kwa sababu mizigo yote hushukia hapo.

Umeniuliza juu ya ukingo huo, kwamba ulikuwa wa baba yako Lihanjala na umekuwaje wangu. Jambo hilo ni refu na pumzi yangu ni fupi. Kaa huko. Kazi ya reli ina heshima, na mji huu umeshajaa.

Msalimu mkeo Theodosia.

Mjomba wako,
Yunusi bin Seifu


Kilosa, tarehe 11 Machi 1912

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesikitika kusikia habari ya miguu. Theodosia anakusalimu. Ana mimba ya miezi mitano na anasema mtoto akiwa wa kiume ataitwa Yunusi, hata kama padre atalazimika kumtafutia mtakatifu wa kumsindikiza. Hapa kazi ni nyingi. Juzi behewa la mawe lilimpanda Mnyamwezi mmoja miguuni. Tulimshika watu wanne alipokuwa akikatwa, na mpaka leo nikilala nasikia msumeno.

Sasa neno langu. Alipita hapa mfanyabiashara wa Ifakara. Nikamwuliza nani anavusha watu Kivukoni siku hizi. Akasema, "Severini." Nikamwuliza, Severini yupi? Akasema, "Yule mzee Mmbunga aliyebatizwa baada ya vita. Zamani alikuwa mcheshi kupita kiasi, mtani wa Wandamba wote. Sasa haongei."

Mjomba, nilikuwa na miaka kumi na minne, niko misheni, alipokuja mpagazi akaniambia, "Baba yako kanyongwa na Wadachi. Mtani wake ndiye aliyemchongea." Nilicheka. Nilidhani na huyo mpagazi ananitania.

Mtu aliyemwua baba yangu kwa mdomo anasimama kwenye ukingo wa baba yangu, anakula kwa kivuko cha baba yangu. Wewe ulikuwepo siku ya shauri. Wewe ndiye uliyekuwa mkalimani wa Mdachi. Niandikie maneno aliyoyasema Severini, neno kwa neno. Nikiyajua, nitajua nimfanye nini.

Mpwa wako mtiifu,
Wendelin


Ifakara, tarehe 29 Mei 1912

Kwa mpwa wangu Wendelin.

Nakusalimu wewe na Theodosia na huyo aliye njiani. Barua yako ilikaa ng'ambo ya mto wiki sita kwa ajili ya mafuriko, usidhani nilikaa nayo mimi. Maji yamefika kwenye vizingiti vya maghala. Mamba mmoja amemchukua mbuzi wa Mhindi mbele ya duka, na Mhindi amekwenda kumshitaki kwa akida.

Unataka habari za vita. Ilikuwa baada ya mavuno ya mwaka 1905. Dawa ya maji ilikuwa imeshapita vijijini. Watu walinyunyiziwa, wakanywa, wakaambiwa risasi za Mdachi zitageuka matone. Wambunga walikuja jua likiwa limepanda, wanaimba. Kituo cha hapa kilikuwa na askari kumi na wawili tu. Waliwafyatulia mpaka mitutu ikawaunguza mikono. Wa mbele walianguka, wa nyuma wakawakanyaga wakisonga, kila mmoja akiamini kuwa aliyeanguka alivunja mwiko wa dawa. Walipoufikia uzio waliubomoa kwa miili yao. Askari wa mwisho aliuawa kwa mchi, akiwa amepiga magoti, na aliyempiga ni mwanamke niliyemuuzia kaniki mwezi uliotangulia. Alimpiga mpaka mchi ukavunjika, akaenda kutafuta mwingine.

Kisha wakatugeukia sisi wenye kanzu, watu wa pwani. Kudra, mwenzangu wa biashara, alichomwa mkuki akiwa ameshikilia mlango wa duka, akabaki amesimama kwa sababu ncha ilikuwa imeingia kwenye mbao. Mimi nilikimbilia mtoni. Baba yako alikuwa akipakia migono, mitego yake ya samaki. Hakuniuliza kitu. Alinilaza ndani ya mtumbwi, akanifunika kwa migono na kambale wabichi, akasukuma. Vijana wa mikuki wakamwita wakitaka kujua amebeba nini. Akawajibu, "Shemeji yangu, ananuka hivi hivi siku zote." Wakacheka, wakaondoka.

Siku kumi na saba alinificha ng'ambo, kwenye kibanda cha kukaushia samaki. Dada yangu aliniletea chakula.

Hapo nitaishia. Severini ni mzee, mwache. Nitakupa nyumba yangu ya pili, yenye bati, ukae na mkeo. Mengine yana faida gani?

Mjomba wako,
Yunusi


Kilosa, tarehe 8 Julai 1912

Mjomba,

Shikamoo. Theodosia hajambo. Amejifungua salama, mtoto wa kiume.

Umenieleza kurasa mbili jinsi baba yangu alivyokuokoa. Sikuuliza hilo. Nimeuliza alivyokufa. Mtu aliyeokolewa namna hiyo angekuwa wa kwanza kulia kisasi, na wewe unaniambia nimwache mchongezi wake. Au umemwogopa Severini? Au watu wenye maghala wamekuambia usilete fujo karibu na mizigo yao?

Nimepewa likizo. Nakuja kukuuliza uso kwa uso.

Wendelin


Ifakara, tarehe 30 Septemba 1912

Kwa mpwa wangu Wendelin.

Salamu kwako, kwa Theodosia na kwa mtoto. Sina habari za mji leo.

Nitaanza na uongo mdogo. Barua yako ya Machi haikukawia ng'ambo ya mto. Ilifika kwa siku kumi na moja, nikakaa nayo chini ya godoro.

Sasa mkubwa. Ulikuja tarehe 14 Agosti. Uliketi kwenye mkeka wangu na vumbi la Kidodi miguuni, ukaniuliza mara tatu, "Ni kweli Severini alishuhudia kwamba baba alikunywa dawa?" Mara ya kwanza nilikohoa. Mara ya pili nikakuambia unywe maji kwanza. Mara ya tatu nikasema, "Ndivyo watu wote wajuavyo." Ukasimama, ukatoka. Nilijua unakwenda wapi. Sauti ya kukuita ningeipata, maana baada ya dakika chache niliipata ya kumwita mpishi afunge dirisha, nisisikie kelele za ukingoni.

Waliokuwepo wameniambia. Ulipomfikia alikuwa ameshika pondo la kusukumia mtumbwi, anataka kuvusha wanawake wa sokoni. Alikutazama, akakutambua kwa paji la uso. Akasema kwa Kindamba, "Umechelewa, mwana wa Lihanjala." Akaliweka pondo chini, mbele yako, akanyoosha mikono. Wewe ukaliokota. Wanasema ulipiga mpaka mikono yote miwili ikaning'inia kama vitambaa, na yeye hakukinga uso wala hakupiga kelele. Waliopiga kelele ni wanawake. Mkono wa kulia ulioza, ukakatwa kwenye kiwiko wiki mbili zilizopita. Alipoulizwa na akida alisema alijikwaa akabanwa kati ya mtumbwi na gogo. Hakukutaja.

Unajua kwa nini? Kwa sababu anaamini alistahili. Miaka sita na zaidi ameamini kwamba yeye ndiye aliyemwua rafiki yake. Nami nilimwacha aamini.

Hii ndiyo siku ya shauri. Januari 1906, safu ya askari ilishuka kutoka Mahenge. Walichoma kila ghala la mpunga kutoka milimani hadi mtoni. Mashamba yaliungua siku tisa, na ndege waliokuja kula panzi waliungua angani. Wanaume walikamatwa, wakafungwa shingo kwa shingo, wakaketishwa uwanjani. Afisa aliketi kwenye kiti cha turubai. Alijua Kiswahili, hakujua lugha za hapa. Waliokuwa kwenye kamba walijua Kindamba na Kimbunga, hawakujua Kiswahili. Askari wake walitoka mbali. Kati ya wafungwa na afisa nilikuwa mimi peke yangu, Yunusi bin Seifu, niliyesomeshwa chuoni Kilwa miaka minane, niliyefundishwa kwamba ushahidi ni amana.

Baba yako hakunywa dawa. Siku ilipoletwa alikuwa kwenye migono yake. Afisa akamwuliza, nikamtafsiria, akajibu, "Sikunywa." Nikatafsiri, "Anasema hakunywa." Mpaka hapo nilikuwa mtu.

Severini alikuwa nyuma yake kwenye kamba ile ile. Wewe umekulia misheni, huenda hukuuona utani ukifanya kazi yake. Mtu akifiwa, au akiwa kwenye hatari, mtani wake ndiye humtukana mbele za watu ili hofu imtoke. Wandamba na Wambunga wamekuwa watani tangu babu zao walipochoka kuuana. Severini aliona magoti ya baba yako yanatetemeka, akapaza sauti, "Mwongo huyo! Alikunywa mtungi mzima, akamwita mkewe alambe masalio! Mnyongeni, tugawane samaki wake!"

Kamba nzima ikacheka. Watu waliokuwa wakingoja kufa walicheka, Wendelin. Baba yako naye akacheka, magoti yakatulia, akamgeukia akamjibu, "Na wewe ulikunywa mkojo wa kiboko, ukasifia utamu!"

Afisa akaniuliza, "Wanacheka nini? Yule amesema nini?"

Ingetosha kusema, "Bwana mkubwa, ni watani hawa, ni desturi yao." Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Anashuhudia kwamba Lihanjala alikunywa dawa na akawanywesha wengine."

"Na yeye amejibu nini?"

Nikasema, "Amekiri."

Usitafute sababu kubwa. Kabla ya vita nilimwomba baba yako ukingo mara tatu. Niliona mji utakavyokuwa. Niliona mizigo, maghala, watu wa mataifa yote wakishuka pale. Mara zote alinicheka: "Shemeji, hapa wamelala babu zangu. Unataka kuwapangisha vyumba?" Siku ile, kando ya kiti cha turubai, nilimwona baba yako, nikauona ukingo nyuma yake, na neno likatoka. Lilitoka laini kabisa.

Walimnyonga kabla ya adhuhuri, kwenye boriti ya ghala lililoungua. Boriti ilikatika, akaanguka, mguu ukavunjika. Wakamwinua wakamnyonga tena. Kati ya mara ya kwanza na ya pili alinitazama. Alikuwa amejua.

Waliamuru asishushwe. Severini, aliyeachiwa kwa sababu afisa alimhesabu kuwa shahidi mwema, alirudi siku ya tatu akamkata kamba, akamwosha kama mtani anavyotakiwa, akamzika ukingoni. Alipigwa viboko ishirini na tano kwa kumzika. Akajenga kibanda karibu na kaburi, na huko ndiko amekaa. Kivuko hakukichukua kwa tamaa. Mimi nilipopewa ukingo na boma kwa kazi ya ukalimani, nikawagawia wageni viwanja, yeye ndiye aliyezuia ghala lisijengwe juu ya baba yako, kwa kulala pale kila siku wajenzi walipokuja.

Mama yako aliishi nyumbani kwangu miaka mitano. Alifua kanzu zangu. Alipokuwa anakufa alinishukuru kwa kumtunza mjane.

Nimemaliza. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Yunusi


Kilosa, tarehe 9 Novemba 1912

Yunusi,

Sikusalimu.

Barua yako nimeisoma stesheni, treni ikiwa imesimama, nikasahau kuiruhusu. Mikono niliyoivunja ndiyo iliyomwosha baba yangu. Aliniwekea pondo chini kama anayelipa, na mimi nikamlipisha.

Mtoto anaitwa Teofili.

Umeniungamia mimi kwa sababu mimi niko mbali. Mwenye haki ya kusikia yuko hatua mia tano kutoka kitandani kwako. Nenda kwa Severini. Umwambie mbele za watu wa ukingoni wote, kwa mdomo huo huo. Nikifika Noeli bila kusikia kwamba umekwenda, nitakuja, na njia ya nyumbani kwako naijua.

Wendelin mwana wa Lihanjala


Kivukoni, tarehe 17 Januari 1913

Kwa Wendelin mwana wa Lihanjala.

Sitakusumbua kwa salamu usizozitaka. Nimekwenda.

Nilibebwa na watu wawili kwa machela, Ijumaa, soko likiwa limejaa. Severini alikuwa ameketi mlangoni, mkewe Konsolata anamlisha ugali kwa mkono wake, tonge baada ya tonge, kwa kuwa mkono uliobaki haukunjiki. Nikaomba nishushwe chini. Nikasema yote kwa Kindamba, kisha kwa Kimbunga, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni.

Konsolata alinirukia kwanza. Alinipiga kwa bakuli la ugali, likapasuka, akaendelea na kipande. Jicho la kushoto halioni tangu siku hiyo. Wenye viwanja nao walikuwa wanapiga kelele, lakini si kwa ajili ya Lihanjala. Mmoja, Donati, mwenye ghala kubwa kuliko yote, alisema, "Mzee, unajua unachosema? Boma likisikia viwanja hivi vilipatikana kwa uongo, tutakwenda wapi? Funga mdomo ufe vizuri!" Mwingine akasema nitoswe mtoni, homa imenipanda kichwani. Wawili wakanishika miguu kweli.

Severini akasema, "Mwacheni."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake tangu siku ya shauri. Akaniuliza, "Nilisema mtungi mzima. Hukumwambia Mdachi habari ya mtungi?"

"Sikumwambia."

"Na mkojo wa kiboko?"

"Sikumwambia."

Halafu akaanza kutetemeka, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko kibaya, na mate yakamtoka. "Sikumwua," akamwambia mkewe. "Konsolata, sikumwua! Nimelala kwenye kaburi la mtu miaka yote namwomba msamaha, naye pale chini anasema, Mpumbavu huyu, nani atamwambia?" Kisha akanigeukia. "Wewe hutatoswa. Ukifa leo, nani atawaambia watakaoshuka kesho? Kila asubuhi utaletwa hapa. Kila mgeni anayekanyaga ukingo huu utamwambia ni wa nani na ulivyoupata. Mpaka pumzi ikukate."

Siku ya pili ghala langu liliwaka moto mchana, na watu wakasimama kutazama kama wanaota jua. Nyumba yenye bati nayo imevunjwa milango. Nimekwenda kwa akida kusema ardhi ni yako. Amesema karatasi za viwanja zina mhuri wa boma, na serikali haiwezi kunyonga mtu kwa makosa. Akaniambia nirudi kulala. Kwa hiyo ninachoweza kukurudishia ni kaburi na hatua ishirini kulizunguka, ambazo Severini alizilinda bila karatasi.

Wabebaji wangu ni vijana wa Konsolata, hawanibebi kwa upole. Naletwa asubuhi, nalazwa kwenye mkeka pale mitumbwi inapogota, nachukuliwa jioni. Kwa wiki tatu nimewaambia Wabena, Wahehe, wake za askari, Mwarabu mmoja na mafundi wawili wa cherehani. Wengine hunitemea mate. Mama mmoja Mngindo alinipiga kofi, kisha akakaa chini akawalilia wafu wake mwenyewe. Severini huketi nyuma yangu anasikiliza, na nikiruka neno hunigonga mgongoni kwa kisigino. Siku nyingine hunitania mbele ya wageni, na hapo najua sitasamehewa, maana utani ule ni wa kunidhihaki tu, hauna dawa ndani yake.

Leo ameshuka mtu kutoka Kisaki na mkewe, watoto na vyungu vyao. Mtu mpole. Alivua kofia, akachuchumaa, akasikiliza kuanzia mtungi hadi boriti bila kunikatiza. Mkewe aliwafunika watoto masikio. Nilipomaliza alitikisa kichwa kwa muda, akasema, "Pole sana, mzee. Dunia ina mambo." Akavaa kofia, akatazama maghala, akatazama mto, akainama tena karibu na sikio langu.

"Na kiwanja hapa," akauliza, "kinapatikana kwa nani?"

Yunusi